Vipande Mia Nne Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa rasmi, mbele ya kalamu hii na chai iliyopoa, kwamba leo saa tano na robo asubuhi choo cha wanaume cha kanisa letu hapa Langas kimepata ukuta. Hakuna utepe uliokatwa. Hakuna mgeni wa heshima. Nilikuwa mimi, ndoo ya maji na sponji.

Nimebandua polepole karatasi iliyoshikilia vigae. Hakuna kipande kilichoanguka. Vyeusi na vyeupe, ishirini na moja kwenda juu, ishirini na moja kwenda kando. Vyote masalio ya kazi za watu: bafu za Elgon View, duka moja la Cheptiret. Miaka kumi na tisa naweka vigae rangi wanayotaka wenyewe. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo hakuna aliyeniagiza. Kamati ya ujenzi ilisema tu, weka chochote kilichobaki. Nimeweka.

Wanadhani ni pambo. Ni ile miraba ya kuskani na simu, QR. Ukielekeza kamera, inasoma maneno.

Kioo na sinki viko ukuta wa pili, unaotazamana na huu. Fundi wa bomba anakuja Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaza mapengo kwa simenti nyeupe. Mgongo unauma. Furaha pia ipo, naikubali.

Niandike nilivyofanya, nisije nikasahau. Nilijifunza kwa simu, jioni baada ya kazi, wiki nyingi. Nikachapisha mchoro kwa cyber, duka la intaneti, kijana wa pale akauskani, ukasomeka vizuri. Nikakata vipande kwa grinda, ile mashine ya kukatia vigae. Nikavibandika juu ya mchoro kwa uji wa unga wa ngano, uso ukiangalia karatasi, kama wanavyofanya mafundi wa mapambo. Halafu unainua yote, unagandamiza ukutani, unalowesha karatasi, inatoka. Kazi safi.

Kazi ngumu ilikuwa maneno. Mraba wa ukubwa huo unabeba herufi ishirini na tano, na nafasi zinahesabiwa. Ukipewa herufi ishirini na tano za kuacha ukutani, utaandika nini? Nilifikiria jina langu. Nikaona aibu. Nilifikiria mstari wa Biblia. Mizuri yote ni mirefu. Mwisho nikaandika jambo ambalo limenisumbua kanisani tangu nihamie hapa kutoka Moi's Bridge. Zaidi ya kijana wa cyber, anayejua ni Nekesa tu, mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mwanaume mwingine angeandika jina la mke wake.

Jumapili, 9 Machi

Vibaya.

Mzee Barasa, mwenyekiti wa kamati, ameingia chooni baada ya ibada na kukaa muda mrefu kuliko haja yoyote. Ametoka akamwita Mama Jerono, anayeongoza maombi ya akina mama. Wanaume wakatolewa, Mama akaingia kukagua. Alisimama mlangoni, mkono kifuani.

Akasema ati hii ndiyo ile alama. Ya yule mnyama wa Ufunuo. Ile watu watawekwa ndio waweze kununua na kuuza.

Nikasema, Mama, hiyo hiyo iko kwa pakiti ya unga wako wa chapati. Akasema ndiyo maana siku hizi chapati zinakuwa ngumu.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sidhani ni mtu mbaya. Anaogopa kweli, na anaogopa kwa niaba yetu sote. Mtu wa hivyo ni mgumu kumkasirikia. Nimejaribu.

Jumanne, 11 Machi

Kamati. Watu watano wamesimama chooni. Nimewaeleza kila kitu. Nimesema ni maneno ya adabu, ya kusaidia kanisa, msinisadiki mimi, skanini.

Simu yangu kamera ilipasuka Januari, kwa hivyo wametumia zao. Ya Mzee Barasa: kimya. Ya mweka hazina: kimya. Ya katibu, mpya kabisa: kimya. Wamesogea karibu. Wamerudi nyuma mpaka mmoja akakanyaga ndoo. Wamezima taa, wakawasha. Kimya.

Mama Jerono akasema, kwa upole kabisa, "Hata simu imekataa, fundi."

Nimehesabu kila safu. Vipande 441, viko sawa. Lakini nimesimama pale nikionekana mwongo, na mbaya zaidi, mwongo wa chooni.

Uamuzi: ukuta ubomolewe Jumamosi. Na kwa sababu patasi ni yangu, nibomoe mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeweka vigae vya kijivu kwa jikoni ya mtu. Safu moja imepinda. Nimeirudia.

Nekesa anasema nikatae, wamtafute mwingine wa kubomoa. Nikikataa nitakuwa nimekiri kuna kitu pale. Nikibomoa pia nitakuwa nimekiri. Sijala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika saa tatu. Mama Jerono alikuwa ameshafika, na Mzee Barasa, na viti viwili vya plastiki. Walileta viti. Kama watu wa harusi.

Mama aliomba kwanza. Nikatoa nyundo na patasi, nikaweka ncha chini ya kipande cha kona. Sikupiga. Nikasema nanawa uso kwanza. Nikachota maji kwa ndoo, nikainama kwa sinki, nikainua macho kwenye kioo.

Nikaona karatasi yangu.

Ule mchoro una masanduku makubwa kwa kona tatu. Kona ya nne haina. Kwenye karatasi ya cyber, kona tupu ilikuwa chini kulia. Kwenye ukuta iko chini kushoto. Kwenye kioo iko chini kulia. Nilibandika vipande uso chini, halafu nikageuza. Nikageuza. Miaka kumi na tisa, na nimeweka ukuta kama mtu aliyevaa shati nje ndani.

Nikasema, Mama, naomba simu yako, elekeza kwa kioo. Si kwa ukuta. Kwa kioo.

Alinitazama sana. Akaelekeza, mkono umenyooka mbali na mwili, kama anayeshika panya. Simu ikalia kidogo. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kusoma matangazo:

"Tafadhali funga mfereji."

Mzee Barasa akaangalia chini. Yeye ndiye huacha ule mfereji wa uani ukimwaga maji, kila Jumapili, miaka yote hiyo.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama akauliza.

"Ndiyo hiyo tu, Mama."

"Si ungeandika tu na rangi."

Nimefikiria hilo siku nzima. Ningeandika na rangi, hakuna mtu angesimama kusoma.

Akaskani tena, peke yake. Halafu akamwambia Mzee abebe viti.

Jumapili, 16 Machi

Ukuta uko. Mvua imeanza asubuhi, baridi. Vijana walipanga foleni chooni kuskani kioo, wengine hawakuwa hata na haja. Mchungaji ametaja jambo hilo kidogo kwenye matangazo, bila jina langu. Sawa tu. Mama Jerono amenipa mkono na kuniuliza kama choo cha akina mama kitabaki hivyo hivyo na simenti.

Watu walipoondoka nimeingia peke yangu. Vyeusi vinang'aa kuliko nilivyodhani. Kona tupu iko upande usiofaa na nitaiacha.

Nimefungua mfereji wa sinki ninawe mikono. Hakuna kilichotoka. Fundi wa bomba hakuja ile Alhamisi, wala nyingine. Haujaunganishwa.