Mwendo wa Tata Kwenye Kitambaa Cheupe

Kaka yangu Mujuni,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Wanaotoka Dar es Salaam wanasema umenenepa, una chumba chako cha kuchorea, na wageni wakubwa wakija wanaletwa kukuona. Hali yako basi naijua. Ya Tata, baba yetu, huijui, kwa hiyo soma. Barua hii nimempa mhariri wa gazeti aichape, kwa sababu ulilolitenda ulilitenda mbele za watu, na sioni kwa nini nikujibu kwa siri. Nilimwomba Tata ruhusa kwanza. Akasema, "Andika. Lakini usimtukane kaka yako." Kwa hiyo sitakutukana. Nitasema yaliyotokea.

Unakumbuka uliporudi nyumbani Kanazi na ule mrundo wako wa kwanza wa karatasi? Wale wachoraji wawili wa Kizungu, mume na mke, walikuwa wamefika Bukoba kwa meli kufundisha vijana wachache kuchora picha zinazotembea, na wewe ulikuwa umechaguliwa. Ulizishika karatasi kwa dole gumba ukaziachia haraka haraka, na mpira ukadunda. Mama akapiga ukelele, akataka urudie. Ulirudia mpaka pembe za karatasi zikalegea. "Hakuna uchawi," ulisema. "Kila karatasi inatofautiana kidogo tu na iliyotangulia. Jicho lenyewe ndilo linalounganisha."

Uling'oa kioo cha dirisha ukakiweka juu ya masanduku mawili, chini yake ukalaza kioo cha kujitazamia cha Mama kirushe mwanga wa jua juu. Mimi nilikuwa nakushikia karatasi zisiteleze. Baada ya mpira ulikuja kuku anayedonoa. Kuku yule alielea kama unyoya, ukakasirika ukachana kazi ya siku nzima. Juma lililofuata ukarudi na somo kutoka kwa yule mama wa Kizungu: "Usichore mguu, chora uzito." Ulikaa na maneno hayo kama mtu anayetafuna mfupa. Kuku alipokanyaga ardhi kwa mara ya kwanza, akakanyaga kweli, mimi ndiye niliyepiga kelele kabla ya Mama. Nilifurahi kana kwamba mkono ulikuwa wangu.

Kisha ikaja zamu ya kuchora mtu anayetembea. "Yule bwana anasema kila mtu ana mwendo wake kama alivyo na sauti yake," ulituambia. "Anasema tumtafute mtu tunayemjua, tumtazame mpaka tumjue upya."

Ukamtazama Tata.

Wewe na mimi tunajua jinsi Tata asivyopenda kutazamwa akitembea. Tangu alipoanguka, kanisani huwahi kuingia kabla ya wenzake na kutoka baada yao. Lakini ulimwomba, na yeye akaweka panga chini akacheka. "Mguu huu mbovu utakufaa nini?"

"Huo ndio mzuri, Tata. Mguu mzima hauna la kunifundisha."

Akatembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye migomba na kurudi, bega la kushoto likishuka, mkono umeshika nyonga, mguu wa kulia ukirushwa nje kama wa mtu anayekwepa dimbwi. Ukamwomba tena, akatembea tena. Jasho lilimtoka. Mama akamwambia apumzike, naye akajibu, "Acha mtoto ajifunze."

Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Hukumwibia. Alikupa mwenyewe.

Miezi ikapita, tukasikia kwamba sinema yenu imekwisha na itaonyeshwa Kanazi. Tata alizunguka kwa majirani wote. "Mwanangu ameichora kwa mkono wake," alimwambia kila mtu, hata wale ambao hatusemeshani nao. Siku yenyewe alivaa kanzu na koti, akabeba kiti chake, akaketi mbele kabisa. Wewe ulituma ujumbe kwamba una kazi mjini. Siku ile niliamini.

Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya miti miwili, na giza lilipoingia gari la sinema likawasha mwanga wake. Alitangulia Bwana Bidii, mkulima mwema, mgongo umenyooka, kahawa yake safi. Watu wakapiga makofi. Akafuata Mzee Goigoi. Msemaji alitueleza kwa kipaza sauti kwamba kahawa ya Goigoi imemezwa na magugu kwa sababu mwenyewe hana kazi ila kutafuta rubisi, pombe ya ndizi. Na Goigoi alikwenda kutafuta rubisi yake kwa mwendo wa Tata. Bega lile lile, mkono ule ule nyongani, mguu ule ule. Ulikuwa umeongeza kidogo, kama walivyokufundisha: kila mguu uliporushwa, kuku walikimbia, na msemaji akapuliza tarumbeta.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona anatembea kama yule mzee wa pale kwetu?" Kicheko kikarudi, safari hii cha chini chini, na nikasikia watu wakigeuka kututazama. Goigoi alikuwa amelala chini ya mgomba, amelewa. Tata hajawahi kuonja rubisi. Kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, kinatandikwa nyasi mpaka udongo hauonekani.

Sinema ilipokwisha nilimwambia, "Tata, twende."

"Subiri kidogo."

Jirani mmoja akaja akamwinamia. "Waitu, mzee wetu, ule ni mchezo tu." Tata akaitikia kwa kichwa. Watu wakapungua. Dereva akakunja kitambaa, nikamwambia tena twende, na yeye tena, "Subiri kidogo." Ndipo nilipoelewa. Hakutaka kusimama maadamu kulikuwa na mtu hata mmoja wa kumwona akitembea. Tulikaa pale na kiti chake mpaka gari lilipoondoka na uwanja ukabaki mtupu. Njiani alisema neno moja tu: "Amenichora vizuri. Hata mimi sikujua kwamba bega linashuka kiasi kile."

Juma lile lile nilikufuata Bukoba, nikakukuta unafunga mizigo uende pwani na walimu wako.

"Sikumchora Tata," ulisema. "Nilichora mwendo."

"Mwendo wa nani?"

"Waliniambia nichore mzee mvivu. Nilijaribu mwendo mwingine, haukuwa na uhai. Huo ndio uliokuwa nao."

"Na walimu wako walijua ni wa nani?"

Ulitazama sanduku lako. "Hawakuuliza."

"Kwani wewe huna mdomo?"

Hapo ndipo uliponiambia, "Hii ni sanaa, mdogo wangu. Huwezi kuielewa."

Mimi niliyeshika karatasi zako mpaka vidole vikafa ganzi! Niliielewa sana, Kaka. Walikuambia umtafute mtu unayemjua. Hawakukuambia umpe jina la Goigoi. Wale walioagiza sinema ile, wanaotazama mashamba yetu kutoka ndani ya gari na kuamua kwamba sisi ni wavivu, nina hasira nao pia. Lakini wao hawakulelewa na Tata. Hawakujua kwamba mguu ule ulivunjika alipoanguka akiezeka paa la shule, shule ile ile ulimoshika chaki kwa mara ya kwanza. Wewe ulijua.

Ulipanda meli ukaenda. Sinema nayo ikazunguka, hata kisiwani Bumbire ilivushwa kwa mtumbwi. Watoto wa Kanazi wakimwona Tata huita "Goigoi!" na kukimbia. Siku hizi hapeleki kahawa yake kwenye mizani mwenyewe, na kanisani hupitia vichochoro vya migombani. Ilipofika hapa Muleba nilikoolewa, nilikwenda, mimba ikiwa kubwa. Goigoi alipotokea na watu wakaanza kucheka, niliinuka nikasimama mbele ya mwanga mpaka kivuli changu kikamfunika.

"Huyu ni baba yangu," nilisema. "Mguu huo aliuvunja akiwajengea watoto shule. Hanywi pombe, na kwake hakuna magugu. Haya, chekeni."

Hakuna aliyecheka. Msemaji aliniambia niketi, nikaketi. Lakini tarumbeta halikulia tena jioni ile.

Sasa, baada ya kimya chako chote, umemwandikia Tata. Umepata binti wa hapa Muleba na unataka Tata aende kwa wazazi wake akuposee. Kurasa mbili, na humo hamna hata neno moja juu ya sinema. Watu hao nyumba yao iko kando ya barabara. Walikuwepo jioni ile. Baba wa binti alikaa karibu nami. Nilimwambia Tata akatae. Alinitazama kana kwamba nimesema kitu cha ajabu. "Atajiposea mwenyewe? Ni mwanangu." Amekwisha kuazima mwavuli wa kwendea posa. Atakuja mchana, kwa barabara kubwa, na ataingia uani mwa watu wale macho yote yakimtazama.

Yeye amekusamehe, hayo ni yake. Mimi bado. Ninalokutaka ufanye ni hili: panda gari moshi, panda meli, fika kabla yake. Simama mbele ya hao unaotaka wawe wakwe zako, uwaambie ni nani anayetembea hivyo, kwa nini anatembea hivyo, na ni nani aliyemchora. Useme kwa mdomo wako, Tata akiwa bado njiani, ili akiingia akute watu wamesimama kumpokea.

Usipoweza, baki huko huko na karatasi zako. Binti mwenyewe anajua kusoma. Nimeulizia, na gazeti hili linafika kwao.

Kaa na hayo, Kaka.

Mimi mdogo wako wa kike,
Muleba