Vitufe Vinne vya Nyanya

Jumatatu, 5 Mei

Kitufe tena. Siku ya nne hii. Picha ikikaa sawa, maneno yanakatika. Maneno yakikaa sawa, picha inabanwa hadi haijulikani ni ya nini. "Nahitaji msaada" imebaki "Nahitaji msa". Msa nini? Mchoro tuliopewa ulichorwa kwa Kiingereza, neno moja fupi kila kitufe. Kiswahili kinataka nafasi yake na hakiombi radhi.

Apu yenyewe si kubwa. Kuna zahanati huku Kisauni inataka wazee wa sukari na presha, wale wanaokaa peke yao, wafinye kitufe kimoja kila asubuhi. Ujumbe unakwenda kwa jamaa mmoja, na baadaye utakwenda kwa muuguzi pia. Picha ya jua: nimeamka salama. Mkono ulioinuliwa: nahitaji msaada. Chupa: dawa zimekwisha. Simu: nipigie. Vinne tu, na vimenitoa roho.

Mutua, mkubwa wangu, mtu wa Machakos, anataka vyote vinne vionekane kwa pamoja. Wazee hawawezi kuskroli, kusogeza kioo kwa kidole, anasema. Labda kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 6 Mei

Nimeweza! Picha nimeitoa juu ya maneno, nikaiweka kando yake, upande wa kushoto. Vitufe viwili juu, viwili chini. Herufi ndogo kidogo lakini hakuna kinachokatika. Mutua akaondoa mistari ya kuzunguka vitufe, ati ionekane safi. Ikawa safi kweli.

Nikajinunulia viazi karai na ukwaju, nikala nimesimama nje ya ofisi hapa Mjambere kama mtu aliyefaulu mtihani.

Alhamisi, 8 Mei

Jomvu Kuu, kwa Nyanya. Wanatakiwa wazee wachache wa kujaribu, nikamwandikisha Nyanya. Sukari anayo, presha anayo, na tangu Babu afariki anakaa peke yake. Kuhamia kwangu hataki. Kisauni kelele, asema, na watu hawaamkiani.

Nyanya husoma Qur'ani kila alfajiri. Hata barua za Kiswahili huandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kunishinda. Herufi za shule hazijui na hajali. Nikamwambia atazame picha, maneno ya pembeni yanasema jambo lile lile. Nikamshika kidole, tukafinya vyote vinne, vyote vikafanya kazi. Akanifungia mahamri nije nayo.

Jumapili, 11 Mei

Saa kumi na mbili na nusu kila siku: "Nimeamka salama." Ijumaa, jana, leo. Inapendeza. Nimejisifu kidogo, hapa hakuna anayeniona.

Jumatano, 14 Mei

Nimekasirika.

Asubuhi umeingia ujumbe wa pili kutoka kwa Nyanya: "Dawa zimekwisha." Nikaomba ruhusa kazini, nikanunua dawa, nikavuka kisiwa kizima, gari mbili, jua la utosi. Nafika, chupa zimejaa. Asema hakuomba dawa. Alitaka nimpigie tu, ana habari ya harusi ya binti wa Bi Zuhura, jirani yake. Nikamwambia basi umefinya sipo. Akasema alifinya penye simu. Nikamwonyesha ujumbe wenyewe. Akasema tena, alifinya penye simu.

Nikamweleza polepole, kwa ile sauti ya kusemeza mtoto, kwamba umri ukienda mtu husahau, si aibu. Akanitilia chai bila kunitazama. Sikuinywa yote.

Siku nzima ya kazi imepotea. Na Jumanne tunaionyesha zahanati.

Ijumaa, 16 Mei

Mutua ameuliza kama wazee wa majaribio wana malalamiko. Nikasema hakuna, ila mmoja msahaulifu. Akauliza ni nani. Nikasema ni nyanya yangu. Tukacheka.

Sijampigia tangu Jumatano. "Salama" zinaingia kama kawaida.

Jumatatu, 19 Mei

Saa kumi na mbili na dakika kumi: "Nimeamka salama." Kabla sijaweka simu chini, tena: "Nimeamka salama." Kisha mara ya tatu.

Nikaudhika. Nikadhani anaichezea, au ananilipiza kwa yale ya Jumatano. Nikazima sauti, nikaenda kuoga.

Saa tano Bi Zuhura akapiga. Amemkuta Nyanya uani, chini, sukari imeshuka, mkono wa kushoto umevunjika. Simu iko kifuani mwake.

Toka saa kumi na mbili hadi saa tano. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 20 Mei

Hospitali. Ana fahamu, alhamdulillahi. Mkono umefungwa plasta. Nimemwambia Mutua maonyesho ya leo yangoje. Hakubisha.

Nilipomwamkia akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula. Nikatoa simu. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya jana. Safari hii sikumshika kidole.

Macho yakaanza kuume. Yakaupata mkono ulioinuliwa. Kidole nacho kikaenda kushoto ya ule mkono, kwenye maneno yanayoufuata, kikafinya hapo, kwa uhakika kabisa. Lakini maneno yale si ya mkono. Ni ya jua. "Nimeamka salama."

Nikamuuliza, mbona pale?

"Kusoma huanza kuume, mwanangu. Picha kwanza, kisha maneno yake."

Na mstari hakuna. Hakuna kitu cha kumwonyesha kitufe kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Tulisafisha. Hata siku ile ya dawa alikuwa sawa: aliiona simu, akafinya maneno ya kushoto yake, yakawa ya chupa. Jua liko ukingoni, kushoto yake hakuna maneno, basi alilifinya jua lenyewe likakubali. Ndiyo maana kila asubuhi ilikuwa salama. Ndiyo maana nilijisifu.

"Nalifinya mara tatu," akasema. Hakusema kwa lawama. "Nikasema, sasa yuaja."

Nikatoka nikasimama ukumbini nikalia mbele za watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Sikusikia mimi, akavunjika yeye.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia Mutua kila kitu. Habari ya mara tatu, habari ya kuzima sauti. Niliwaza atasema mzee mmoja si sababu ya kubadilisha kazi nzima, nilikuwa na maneno makali tayari. Akavuta kioo kwake. Akaweka kidole kuume, akakipeleka kushoto.

"Basi wataskroli," akasema.

Picha juu, maneno chini yake, katikati. Si kuume, si kushoto. Mstari mnene kuzunguka kila kitufe. Kitufe kimoja kila safu, upana wa kioo wote, na cha msaada ndicho cha kwanza. "Nahitaji msaada" imeenea, herufi kubwa, na nafasi imebaki. Kazi ya saa mbili. Nilihangaika siku nne kuikwepa kazi ya saa mbili.

Jumatatu, 26 Mei

Nyanya amerudi kwake Jomvu. Nimelala huko siku tatu. Binti wa Bi Zuhura, yule bibi harusi mtarajiwa, ataangalia mchana.

Nikamwekea vitufe vipya nikakaa mbali, mikono nimeikalia. Akafinya picha ya mkono, simu yangu ikalia: nahitaji msaada. Akafinya simu: nipigie. Akasema hivi ndivyo vinavyosomeka, vile vya kwanza nani alivitengeneza. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Haya." Nikamwomba radhi kwa yale ya umri. Akanitilia chai kwa mkono mmoja. Nimeinywa yote.

Jumatano, 28 Mei

Mjambere. Mvua tangu alfajiri.

Saa kumi na mbili na nusu: "Nimeamka salama." Mara moja.

Nikampigia hata hivyo. Akaniuliza kwani sijui kusoma.