Mkono Mgongoni mwa Baba Yako

Mbinga,
14 Agosti 1995

Mwanangu Tadea,

Nakusalimu sana. Hujambo wewe, na huyo wa tumboni anachezacheza? Sisi huku tunaendelea, ila baridi tu. Barua yako ya kuniita Tunduru nije nikusaidie uzazi wako wa kwanza imefika. Nimeisoma mpaka imelainika, na kabla sijakujibu nikueleze ya huku.

Baba yako na wenzake wameifufua ile bendi yao ya roki, Ngurumo, iliyokufa wewe ukinyonya. Siku hizi za biashara huria, Ramadhani wa duka la vitambaa ameleta mashine ya kurekodi, akawatolea kaseti nzima, nyimbo nane. Wazee wana mvi, lakini kelele zao zilihamisha kuku wa jirani. Nami nilikuwamo, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya baba yako na gitaa lake, mkono mgongoni mwake. Bartholomayo, mpiga ngoma wao, akanitania kwamba Mama Tadea anamlinda mumewe, kana kwamba kuna msichana anayemtaka mzee mwenye meno manne. Nikacheka nao.

Sasa nikwambie, na ukishasoma uichome barua hii. Baba yako hasikii. Yale maspika ya ujana wake yalimla masikio kidogo kidogo, mwaka juzi usikivu ukaisha kabisa. Vidole vinakumbuka kila kitu, ila hajui wenzake wamefika wapi. Mimi namgonga mgongoni: mara moja aingie, mara mbili abadilishe, kiganja chote anyamaze. Nyumbani namwandikia kwenye daftari, maana nikipaza sauti majirani watajua. Bendi wakijua watamtoa, na bila gitaa sijui atabaki nini.

Nilipomwandikia kuwa unaniita, alisoma, akaniuliza, “Na mimi nitashikwa na nani?”

Mwanangu, nimetenda vibaya. Barua yako ilifika hawajamaliza kurekodi. Wimbo wa saba nikauondoa mkono makusudi. Nilitaka akosee mbele yao, mambo yaishe, nije kwako. Akapotea kweli, akapiga peke yake wenzake wamekwisha nyamaza. Raimundi wa besi akadhani mzee kabuni kitu, akamfuata, na wengine wakafuata. Basi ndio wimbo unaopigwa kila duka mpaka Mbamba Bay. Watu wanautaka vilevile ulivyo, na mwezi wa kumi bendi inauzungusha ziwani, Liuli mpaka Lituhi. Mwezi wako wa kujifungua huohuo.

Kila wakiupiga, nauondoa mkono palepale. Watu wanashangilia. Yeye jasho linamtiririka, hajui nimekwenda wapi, mpaka niurudishe.

Kwa hiyo siji, mwanangu. Atakuja shangazi yako Vitalia. Ni mkali, lakini ana mikono mizuri kwa vichanga. Nampa khanga zangu mbili kuukuu umfunikie mtoto. Nimezilalia wiki nzima, usizifue kwanza, mtoto apate harufu yangu.

Mwenzio mpe salamu zangu. Baba yako anakusalimu, ila haya niliyoandika hayajui.

Ni mimi mama yako,
Mektilda