Kompyuta ya Mama Imekataliwa

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu limeninunia. Unakula vizuri?

Leo kompyuta imeniaibisha mbele ya mteja. Nilikuwa namchapia bwana mmoja barua ya talaka, mara kioo kikaandika: "Kompyuta hii haikidhi vigezo vya mfumo mpya." Nikabonyeza "Nikumbushe baadaye." Imenikumbusha mara tisa! Yule bwana akasema, "Kumbe mke wangu ana nafuu," akachukua karatasi zake akarudi nyumbani. Nifanyeje?

Mama yako

10 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, nakula.

Kompyuta yako ni ya zamani mno, mfumo mpya hauwezi kuingia. Na huo wa zamani karibuni utakosa kinga dhidi ya virusi. Mtu yeyote asiiguse. Itupe tu, mwezi ujao nakutumia mpya.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limenyooka kidogo. Mwezi ujao ulishapita, lakini sisemi kitu.

Nitupe kompyuta iliyochapa barua zako kumi na saba za kuomba kazi? Nimemwita jirani, yule mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Ulisema mtu asiiguse, basi yeye alielekeza kwa kidole, mimi nikabonyeza. Tumeweka mfumo mwingine, wa bure. Mara ya kwanza maandishi yote yalitoka Kichina. Tukaanza upya. Sasa inawaka kabla sijavua viatu!

Habari zimeenea. Naletewa kompyuta zilizokataliwa kutoka mtaa mzima. Zipo kumi na moja, na moja nimeikalia nikikuandikia.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo na wagonjwa wako?

Tafadhali usicheke. Laptop yangu nayo imekataliwa. Nikutumie kwa basi?

Binti yako

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwalimu akaja kuuliza kulikoni.

Kwa basi hapana, huko mizigo inarushwa kama viazi. Ilete mwenyewe. Na foleni ni ndefu, jiandae kukaa wiki nzima. Miaka minne hatujaonana. Hilo mwalimu ndiye aliyeniambia niliandike, mimi nilikuwa naona haya.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Fundi wa ofisini aliitengeneza laptop jana, hata sikumwomba. Kwa hiyo sina tena kisingizio cha kuja.

Nafika Jumamosi asubuhi. Najua kompyuta za watu umezipanga kitandani kwangu. Zitoe.

Binti yako