Debe Nililosuuza

Morogoro, 9 Aprili 1913

Mama mpenzi, shikamoo. Nimechoka, lakini nitakueleza yote.

Tangu Turiani motokaa ya misheni ilishtukashtuka kila mara dereva, Mzee Saidi, alipoongeza mwendo. Tuliisukuma matopeni hadi jioni. Mzee akatoa petroli kidogo kwenye tangi, akaitia kikombeni. Maji yakakaa chini. Nilishika kichwa, nikamwambia: debe la petroli nililisuuza mimi kwa maji kabla ya kujazwa, kama unavyosuuza mtungi.

“Mwanangu, petroli hainywewi!” alicheka, akaichuja kwa kilemba chake, tukaenda vizuri.

Tulifika usiku, tukakuta lango la shule limefungwa. Sista wa shule alinipokea kwa huruma, akamkaripia Mzee Saidi kwa kuchelewa. Mzee hakunitaja, nami sikukiri. Nakukumbuka sana, Mama. Nijibu kwa posta ya kwanza: nimwambie Sista kosa ni langu, hata akinirudisha nyumbani?

Mwanao Roza