Shangazi Aliitikia Adhana

Jumatano, alasiri. Jua linachoma tangu asubuhi, na ile mvua iliyotutishia juzi imekwenda kunyesha kwa wengine. Nimekaa chumbani na simu yangu, mlango nimeurudishia. Shangazi yuko uani anachambua mchicha. Namsikia anavyoukung'uta mchanga.

Na yeye ananisikia mimi.

Loo! Hata kuandika maneno hayo vidole vinagoma.

Mnaonisoma humu siku nyingi mnajua maisha yangu, na mnajua majina yote nimeyabadilisha. Nafua mashuka ya wafanyakazi kule Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, na siku zangu za mapumziko najifunza kazi ya kupima masikio na kuwawekea watu vifaa vya kusikilizia, hapa hapa Palma, kwenye kituo cha afya. Mwalimu wangu ni Dona Celeste, anakuja kutoka Pemba mara moja kwa mwezi. Siku nyingine ananitumia masomo kwa simu. Mifupa ya sikio nimeikariri huku nakunja mashuka. Wenzangu wa kufua nimewajaza masikio yao lile donge laini la kuchukulia umbo la sikio, mmoja baada ya mwingine, mpaka sasa wakiniona na pamba mkononi wanatimua mbio. Wananiita Bi Masikio, na mimi naitika.

Yote hayo niliyaanza kwa ajili ya mtu mmoja. Shangazi Somoe, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama afariki. Siku tuliyokimbia Palma, wapiganaji walipouvamia mji, kishindo kilipiga karibu na nyumba, na tangu siku hiyo tukajua Shangazi hasikii. Tuliporudi hatukumwita tena kwa sauti. Shikamoo yake mimi nampa kwa kumshika mkono na kuuweka kwenye paji la uso wangu, maana sauti ingemfaa nini? Dona Celeste aliponiuliza nataka kumsaidia nani kwanza, hakumaliza hata swali, nikamtaja Shangazi.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Ili nipate cheti sharti nimhudumie mtu mmoja kwa mikono yangu, kuanzia kumpima mpaka kumwekea kifaa, halafu niandike ripoti. Dona Celeste anaondoka Ijumaa na ripoti hiyo. Kifaa kimebaki kimoja tu kwenye sanduku, na jina la kwanza kwenye orodha ni la Shangazi. Nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikamkalisha ameelekea ukutani, asiione mikono yangu kwenye mashine. Nikamvalisha hedifoni, nikamwonyesha kwa ishara zetu za nyumbani: ukisikia mlio, inua mkono. Nikaanza na mlio mdogo. Kimya. Nikapandisha. Kimya. Nikapandisha mpaka pale Dona Celeste anaposema hata jiwe litashtuka. Mkono haukuinuka, lakini mabega yaliruka. Nikajiambia labda kaumwa na mbu. Mtu ukimpenda unamtafutia mbu hata pasipo na mbu.

Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, Dona Celeste akatoka kwenda kuuliza habari za jenereta. Nikamsogelea Shangazi kwa ubavuni, nikamvua hedifoni, tukabaki tunasubiri. Hapo ndipo ilipoadhiniwa adhuhuri. Bila umeme kipaza sauti hakifanyi kazi, kwa hiyo mwadhini alitumia koo lake tu, na koo lenyewe la uzee, linafika kwa mbali.

Midomo ya Shangazi ikaanza kwenda.

Tangu utoto wangu sijamwona akiiacha adhana ipite bila kuiitikia. Ndivyo alivyonifundisha na mimi: mwadhini akisema, unasema nyuma yake, na akifika kwenye kuita watu waje katika swala, wewe husemi kama yeye, unasema la haula wala kuwwata illa billah. Nikajipa moyo kwamba ameangalia jua, anajua wakati. Lakini katikati mwadhini alikohoa, akakwama. Midomo ya Shangazi ikakwama pamoja naye. Ikamngoja. Alipoendelea, ikaendelea. Akasema la haula mahala pake, hakukosea hata mahali pamoja.

Nikasema taratibu, kwa sauti ambayo hata paka asingegeuka, "Shangazi."

Hakugeuka. Ila machozi yalianza kumtoka, na baadaye akasema, "Mwanangu, funga mlango kwanza."

Nikafunga. Mimi mjinga nikafunga.

Akanieleza kwamba miezi ya kwanza kweli alikuwa hasikii kitu. Halafu masikio yakafunguka kidogo kidogo. Lakini kipindi kile kila aliyerudi alikuwa anaulizwa na askari: umemwona nani, fulani alipita wapi, fulani alikuwa na nani. "Kiziwi haulizwi," akasema. "Nikaona afadhali nikae nao uziwi wangu. Baadaye mkawa mmeuzoea, nami nikaona haya kuutoa."

Hilo ningemsamehe, wallahi. Hofu ya siku zile naijua, tuliilala nayo mkeka mmoja.

Lakini nilikuwa namwambia mambo yangu. Jioni nikimpaka mafuta miguuni nilikuwa natoa yote ya moyoni, kwa sauti, kwa sababu kumwambia yeye ilikuwa sawa na kuuambia ukuta, ila ukuta wenye mkono wa kukupapasa kichwa. Nilimwambia habari za Momadi, mchumba wangu, tuliyekuwa tuoane na kuhamia kwao Nampula. Nilimwambia nimejiandikisha masomo haya kwa siri, na kwamba moyo wangu kwa Momadi ulikuwa nusu nusu. Haikupita wiki, mama yake Momadi akaja hapa na maneno yangu yale yale, moja baada ya jingine, akairudisha posa mbele ya majirani. Niliumbuka mimi, sina pa kuweka uso.

Maneno yale nilimwambia mtu mwingine mmoja tu. Zaituni, rafiki yangu tangu chuoni kwa maalimu. Shangazi sikumhesabu, utamhesabuje kiziwi? Nikamfuata Zaituni kisimani, nikamtukana mbele za watu. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Aliapa, alilia, nikampa mgongo. Ni mwaka wa pili huu hatusemezani.

Leo nikamwuliza Shangazi ni nani aliyemwambia mama Momadi. Akaangalia mikono yake.

"Ni mimi. Nilimwambia nimekusoma midomo. Ungekwenda Nampula, mimi angenishika mkono nani?"

Yaani alinisikiliza, akanipapasa kichwa, akaenda kuniuza. Na mimi mafuta yale nilikuwa namnunulia mimi!

Halafu akaniomba. Akasema, "Niandike tu kuwa kiziwi, mwanangu. Niwekee hicho kidude, watu waseme nimepona. Wewe upate cheti chako, mimi nipate kurudi kwa watu." Hakuna atakayejua. Umbo la sikio lake nilishalichukua mwezi uliopita, liko tayari kwenye kikopo. Sitadanganya, nilifikiria kukubali.

Dona Celeste aliporudi nikamwambia mgonjwa amechoka, tumeahirisha.

Sasa ngoja niseme na langu, maana nikiandika la Shangazi peke yake nitakuwa mnafiki. Jina la mwisho kwenye ile orodha ni Bi Atija, mama yake Zaituni. Huyo hasikii kweli, kila mtu anajua, sufuria linaweza kuchemka nyuma yake mpaka likaungua, asijue. Amekuja kituoni mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia orodha ni ndefu, na nilimwambia kwa sauti ya chini makusudi, nikamwangalia anavyosogeza sikio kulitafuta neno. Mimi, Bi Masikio. Nilikuwa namlipiza mama wa watu kosa ambalo binti yake hakulifanya.

Nimelikata jina la Shangazi sasa hivi, nimeandika la Bi Atija juu yake. Mwandiko umetoka mbaya. Shangazi sitamtangaza, uziwi wake autoe mwenyewe kwa watu. Lakini nilipotoka kuchukua maji nilimwambia shikamoo kwa mdomo, mkono wake sikuushika. Akasema marahaba, akiwa ameinamia mchicha. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu tuliporudi, na haikunifurahisha hata kidogo.

Kesho Alhamisi mwenzangu mmoja atanishikia zamu ya kufua. Ina maana nina siku moja tu ya kumpima Bi Atija, kumchukulia umbo la sikio, kumwekea kifaa na kuandika ripoti, na haya yote yanapitia mlangoni kwa Zaituni. Nitabisha hodi mara tatu, kama tulivyofundishwa pamoja chuoni. Asipoitika nitaondoka, na cheti kitaondoka.

Sitasema hakunisikia.