Foili na Majani ya Mama Mkubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimebadilisha chakula cha seli tangu saa mbili na nusu asubuhi. Chupa kumi na mbili. Kidole gumba kinauma kwa kufungua na kufunga vifuniko. Umeme haujakatika, ajabu.

Hili ni jaribio la nne. Chupa zote zina seli za kuku na virusi vya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Sita nimetia maji ya majani, nikazifunga foili kama kawaida, maana mwanga unayageuza rangi. Sita hazina majani. Hizo ziko wazi mezani, pale dirishani ninapopapenda kwa sababu mlima unaonekana wote.

Nasikia raha, niseme ukweli. Mara tatu seli zenye majani zimepona na zisizo na majani zimekufa. Kirusi kikiingia ndani ya seli kinaivuruga. Mabaki makali ya oksijeni yanarundikana, yanaila seli kama kutu inavyokula bati, na kirusi kinazaliana humo humo kwenye vurugu. Majani yanapoza ukali huo. Ndiyo hoja ya tasnifu yangu yote.

Na majani yenyewe ni ya mama mkubwa, dada yake marehemu mama. Anayachuma mtoni, kule juu ukishaipita Bigwa.

Jumatano, 6 Agosti

Asha, binti wa mama mkubwa, kanipigia simu. Mdondo umeingia kijiji cha pili. Kasema hawana wasiwasi, kila asubuhi wanatia majani kwenye maji ya kuku.

Nikaikumbuka Julai. Nilipanda kijijini na picha za seli kwenye simu. Uani kwa mama mkubwa majirani wakajaa. Nikawaambia dawa yao imethibitishwa maabara. Nilitamka "imethibitishwa" kwa mbwembwe. Wiki iliyofuata mtu wa chanjo ya kuku akapita na kichupa chake cha matone ya jicho. Mama mkubwa akamwambia apite tu, asihangaike. Nyumba nne zikamwiga mama mkubwa. Niliposimuliwa nilicheka. Nikaona sifa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Watu wako kwenye maonyesho, mimi niko na chupa. Jaribio la nne limetoka kama yale matatu. Nimeanza la tano.

Foili imeisha. Maduka ya karibu yamefungwa. Nimeacha zote wazi. Yakigeuka rangi na yageuke.

Jumapili, 10 Agosti

Zimekufa zote. Zenye majani, zisizo na majani. Zimeng'oka kwenye sakafu ya chupa, zinaelea.

Nimedhani nimekosea kipimo. Nimerudia hesabu mara tatu. Sijakosea.

Kisha nikaangalia meza. Jua la saa tisa lilikuwa limelala juu ya chupa.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijala. Chakula cha seli kina vitamini ambayo ikipigwa na mwanga inazaa sumu hiyo hiyo ya oksijeni. Jambo hili nimelifundisha mwenyewe, mwaka wa kwanza, kwa chaki. Chupa zangu zisizo na majani zilikaa juani miezi mitatu. Seli zilikuwa zimeshachoka kabla kirusi hakijagusa mlango. Na zile zenye majani nilizivalisha koti.

Nimenunua foili mjini. Leo nimefunga zote, zenye majani na zisizo nayo. Na nyingine nimeziweka gizani kabatini, bila foili. Nasubiri.

Asha kapiga tena saa kumi. Kuku wawili wamelala, shingo zimepinda. Akaniuliza waongeze majani? Nikajibu waongeze.

Kwa nini nilijibu hivyo? Nilijua. Nusu nilijua. Mpumbavu.

Alhamisi, 14 Agosti

Seli zilizofungwa foili bila majani: nzima. Zilizofungwa pamoja na majani: nzima vile vile, hakuna tofauti. Za kabatini: nzima. Kirusi kimo, lakini kinajikongoja.

Majani hayafanyi kitu kwa mdondo. Foili ndiyo iliyofanya.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepanda. Bodaboda hadi njia inapokwisha, kisha miguu. Nilitaka kusema. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Kuku ishirini na tatu wamekufa. Amebaki jogoo mmoja anayezunguka upande mmoja. Kuku hao walikuwa wa siku ya kumtoa mwali, Zaina binti wa Asha, mwisho wa mwezi. Wageni walishaalikwa hadi kutoka Turiani. Majirani wa zile nyumba nne nao wamefukia kuku wao.

Nikamkuta mama mkubwa amekaa chini, kikapu pembeni. Nikamwamkia. Kabla sijafungua mdomo tena akaanza yeye.

Kwao anayechuma dawa haitikii salamu mpaka kikapu kijae. Hata umpigie magoti. Nimelijua hilo tangu mdogo, nimewahi kumfuata mtoni nikidhani amenuna. Sasa anasema mwezi uliopita binti wa jirani alimpa shikamoo, na yeye, kwa furaha ya zile habari zangu, akajisahau.

"Nilimwitikia kikapu kikiwa nusu, Rashidi. Majani yameharibikia mkononi mwangu. Wewe ulishayapima, yalikuwa mazuri."

Nikanyamaza.

Nimeandika neno hilo, nalitazama. Nikanyamaza. Nikanywa chai yake, nikala mihogo yake, nikasema ni mapenzi ya Mungu. Nikashuka mlima na mkungu wa ndizi alionipa.

Jumapili, 17 Agosti

Ndizi ziko jikoni. Sizigusi.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia profesa wangu. Nilidhani atafoka. Alivua miwani, akaifuta, akasema majaribio yote manne yafutwe, na kwamba matokeo ya foili yenyewe ni ya kweli na yanaandikika: seli iliyochoshwa na mwanga inamfungulia kirusi mlango. Tasnifu inaweza kugeuzwa. Mwaka mmoja zaidi.

Nilifurahi. Dakika nzima nilifurahi kwamba nimepona. Kisha akauliza kama kuna mtu nje ya maabara aliyeyategemea matokeo yale. Nikasema hakuna.

Sijapata kuwa mtu wa hovyo kiasi hiki.

Ijumaa, 22 Agosti

Simu ya Asha. Analia. Mama mkubwa anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, anajieleza kuhusu ile salamu. Binti wa jirani aliyemwamkia amepigwa na mama yake. Ana miaka tisa. Amepigwa kwa kumpa mkubwa shikamoo.

Nimerudi kwa profesa nikamwambia nilimdanganya. Kasema nenda.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimesema.

Nilimwambia uani, nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Nikamwonyesha kwa vitu alivyonavyo: vikombe viwili vya maji, kimoja juani, kingine nimekifunika kwa sinia. Hiki nilikionea, hiki nilikilinda, kisha nikasema kilichopona kimeponywa na majani yako. Nikasema kosa ni langu toka mwanzo. Nikasema wiki iliyopita nilijua nikanyamaza.

Alitazama vikombe.

"Kwa hiyo si ile salamu?"

"Si salamu, mama."

"Na ulikunywa chai yangu."

Akainuka, akajifunga kanga nyingine, akatangulia. Tulizipita nyumba zote nne. Kila mlangoni alipiga hodi yeye, kisha akasogea pembeni akaniacha niseme. Mzee mmoja alinisikiliza, akaingia ndani. Nyumba ya mwisho ni ya yule binti. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alijificha nyuma ya mlango, akachungulia kwa jicho moja.

Mtu wa chanjo nimeshazungumza naye. Atapanda wakishapata vifaranga, nami nitapanda naye. Sherehe ya Zaina itakuwa ya maharage. Asha hasemi na mimi.

Mama mkubwa naye hakusema na mimi jioni nzima. Nimetandikiwa mkeka sebuleni.

Jumapili, 24 Agosti

Niliamka yeye ameshatoka. Nikamfuata mtoni. Ukungu, majani yamelowa. Alikuwa anachuma yale yale. Ni ya kifua, watu wanayanywa tangu kabla sijazaliwa, na mimi sijayapima kwa kifua wala sina la kusema.

Nikamwamkia.

Hakuitika. Hakugeuka. Kikapu kilikuwa kimefika nusu.

Sikujua ni desturi au ni hasira. Nikasimama kwenye jiwe, miguu inalowa. Alichuma taratibu, tawi kwa tawi, kuliko nilivyowahi kumwona akichuma. Kikajaa. Akakiinua kichwani, akapanda njia, akafika nilipo.

"Marahaba," akasema. "Shika hiki, shingo inaniuma."

Nikakipokea kikapu.